Kuvusha intaneti kwa redio Unguja na Pemba: mwongozo kamili, kutoka kupima njia hadi kutafuta hitilafu

Faiba kufika Chake Chake si kufika Kojani. Na faiba kupita barabara kuu ya Jambiani hakuisaidii nyumba ya wageni iliyo ufukweni mita 600 mbele, wala skuli iliyo ng'ambo ya bonde. Pengo hilo huzibwa na redio mbili zilizofungwa mahali pake bila kuhama, zikitazamana: moja upande wenye intaneti, nyengine upande usio nayo. Kazi hii inafanyika kwa fundi mwangalifu na msaidizi mmoja, na ikifanywa vizuri inadumu miaka.

Shika jambo moja kabla ya yote. Redio za sokoni zinakaribiana kwa uwezo. Kinachoamua ni njia iliyo baina yake, na visiwani njia hiyo ina minazi, ina bahari na ina chumvi. Siku mbili za kupima njia kabla ya kununua chochote zinaokoa miezi ya kupanda ngazi.

Vifaa, kuanzia chanzo hadi kwa mtumiaji

Chanzo ni faiba ya mtoa huduma au, pasipo na faiba, modemu ya 4G yenye antena ya nje. Baada yake ni ruta, inayogawa anwani na kuweka mipaka ya kasi. Ruta inaunganishwa na adapta ya PoE, kisanduku kidogo kinachopitisha data na umeme katika kebo moja ili redio iliyo juu ya paa isihitaji soketi yake. Kutoka hapo kebo ya mtandao ya Cat6 ya nje inapanda mlingotini hadi kwenye redio na dishi lake. Mara nyingi viwili hivyo huja kama kitu kimoja. Upande wa pili mpangilio ni huo huo kwa kinyume, na mwisho wake ni swichi na vituo vya WiFi vya ndani.

Antena huchaguliwa kwa kazi. Dishi ni la kuunganisha jengo moja na jengo moja. Ukitaka kituo kimoja kihudumie skuli, kituo cha afya na nyumba kumi za upande mmoja, unatumia antena ya sekta inayofungua nyuzi 90 au 120, na kila mteja anaweka dishi dogo linaloitazama sekta hiyo. Antena ya pande zote inavutia kwa bei, lakini inakusanya kelele kutoka kila upande, iache.

Masafa ya kazi hii ni gigahezi 5. Gigahezi 2.4 zimejaa WiFi za majumbani. Redio za gigahezi 60 zina kasi kubwa sana, ila hewa yenyewe hula kama desibeli 15 (desibeli ni kipimo cha kupungua au kuongezeka kwa nguvu) kwa kila kilomita na mvua ya masika inaongeza zaidi ya hapo, kwa hiyo zitumie kwa mita mia chache tu, kwa mfano baina ya majengo mawili ya hoteli moja.

Kwa njia moja ya kuunganisha majengo mawili, andaa redio zenye dishi 2, adapta 2, vikinga radi vya kebo 4 (kila upande kimoja juu na kimoja kebo inapoingia ndani), kebo ya kutosha pamoja na mita 3 za akiba kila upande, na vichwa vya kebo vya RJ45 vya chuma 16, kwa sababu kumi na viwili vinatumika na vingine vitaharibika mkononi.

Ruhusa nazo zishughulikiwe mapema. Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo mdhibiti ni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), nayo ina ofisi Zanzibar: waulize kuhusu masafa, kiwango cha nguvu, vifaa vilivyoidhinishwa, na leseni ikiwa utamuuzia mtu intaneti. Ndani ya Mji Mkongwe, ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, usiweke kitu juu ya paa kabla ya kuiona mamlaka ya uhifadhi. Mlingoti mrefu karibu na uwanja wa ndege wa Kisauni au wa Pemba unahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Kupima njia

Chukua nukta za GPS za pande zote mbili kwa simu, uzichore kwenye ramani ya kompyuta inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Pemba ina vilima na mabonde mengi, na mara nyingi mchoro huo peke yake utakuonyesha kwamba kilima kimekaa katikati. Lakini mchoro unaonyesha ardhi, hauonyeshi minazi wala mikarafuu. Kwa hiyo lazima upande.

Panda asubuhi, hewa ikiwa safi, na darubini mkononi. Msaidizi upande wa pili amulike kwa kioo kinachoakisi jua kuelekea kwako. Mmweko huo unaonekana vizuri hata kilomita 5. Ukiuona, mstari wa macho upo. Hata hivyo hautoshi, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Mawimbi ya redio hayapiti kama uzi. Yanajaza umbo lililonenepa katikati na kuchongoka ncha mbili, mfano wa tango. Mafundi huliita eneo la Fresnel. Unene wake kati ya mstari na ukingo, pale katikati ya njia, unaupata hivi: chukua umbali (katika kilomita), ugawe kwa masafa (katika gigahezi), tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 8.66. Jibu ni mita. Kwa gigahezi 5.8, kilomita 1 inatoa mita 3.6, kilomita 2 mita 5.1, kilomita 5 mita 8, na kilomita 10 mita 11.4. Angalau asilimia 60 ya unene huo iwe wazi.

Tuchukue mfano wa kilomita 5. Dishi la kilimani liko mita 40 juu ya usawa wa bahari, la pwani mita 10. Katikati mstari unapita mita 25. Pale katikati kuna minazi ya mita 18 juu ya ardhi ya mita 2, yaani vilele viko mita 20. Ongeza mita 4.8 za Fresnel, na mita 0.4 za mviringo wa dunia: unahitaji mita 25.2. Macho yanaona njia nyeupe, redio tayari imeanza kugusa makuti. Ukiinua mlingoti wa pwani kwa mita 6, katikati pananyanyuka mita 3 tu, basi hesabu nyanyuo lako kwa kugawa mbili. Hizo mita 3 zinalipa deni na kubakisha nafasi ya minazi kukua. Angalia pia iliyo mifupi leo: mnazi mchanga uliosimama chini ya mstari ni tatizo la miaka ijayo, na ni vyema kukubaliana na mwenye shamba sasa.

Usijaribu kupita ndani ya miti kwa gigahezi 5. Mkarafuu mmoja wenye kichaka kizito unaweza kula desibeli 10 au zaidi, na majani yakilowa hula zaidi. Usifunge redio juu ya mnazi pia, hata ukiwa ndio mrefu kuliko vyote. Mnazi unayumba, na dishi likigeuka nyuzi 1 tu, mwelekeo wake kwa kilomita 5 umehama mita 87.

Hesabu ya nguvu

Hesabu hii ifanywe kabla, kwa sababu ndiyo itakayokwambia baadaye kama umelenga sawa. Kwa kilomita 5 kwenye gigahezi 5.8, nguvu inayopotea hewani ni desibeli 122. Redio inayotoa 20 dBm (kipimo cha nguvu ya redio) na madishi mawili ya 25 dBi (kipimo cha uwezo wa dishi kukusanya mawimbi) inatoa 20 + 25 + 25 − 122, yaani −52 dBm. Andika namba hiyo ukutani. Kipimo halisi kikiwa ndani ya desibeli 3 hadi 5 za hapo, uko sawa. Baina ya −50 na −60 njia ina afya, −65 inavumilika, ikifika −75 utakuwa na kasi ndogo na malalamiko. Nguvu yenyewe ipangwe kwa kuchagua Tanzania katika mipangilio ya nchi, na isizidi inayoruhusiwa.

Njia inapopita juu ya bahari

Tumbatu, Uzi, Kojani, Misali: mtu wa visiwani hukutana na njia hii mapema. Bahari ni tambarare na haina minazi, ndiyo maana inadanganya. Maji yanaakisi mawimbi kama kioo, kwa hiyo redio inapokea mawimbi mara mbili, yaliyokuja moja kwa moja na yaliyoruka juu ya maji. Yakifika pamoja yanasaidiana, yakipishana yanauana. Na kioo chenyewe kinapanda na kushuka. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu inakaribia mita 4. Njia inayosoma −55 maji yakipwa inaweza kupotea kabisa kwa nusu saa maji yakiwa katikati ya kujaa, kisha ikarudi bila mtu kugusa kitu.

Dawa yake ni kupanga mahali pa kuakisia. Weka upande mmoja juu na mwengine chini: sehemu inayoakisi husogea karibu na upande wa chini, na ukipachagua vizuri itaangukia kwenye mikoko, mawe au mchanga wenye vichaka badala ya maji matupu. Ikiwezekana ukingo wa paa au tuta liyazuie mawimbi ya chini yasifike kwenye dishi. Kwa njia ndefu sana watoa huduma huweka madishi mawili kwenye mnara mmoja, moja juu ya jengine, ili moja likizimwa na maji la pili liendelee. Kuvusha kutoka Unguja hadi Pemba, kama kilomita 50, ni kazi ya minara mikubwa: mviringo wa dunia peke yake hapo ni mita 37 katikati.

Jaribio la njia ya baharini lisiishe mchana mmoja. Acha vipimo vijirekodi kuanzia maji mafu hadi bamvua ipite, ndipo ukabidhi kazi.

Mlingoti, ethi na chumvi

Bomba la mabati la inchi 2 linatosha. Likizidi mita 3 juu ya paa lifungwe nyaya tatu za kuvutia, nyuzi 120 baina yake, kila waya ukiwa na kikazio chake. Kwenye nyumba za mawe na chokaa za Mjini usitegemee bolti za kutanua. Chokaa ya zamani inasagika na bolti linatoka na ukuta wake. Pitisha bolti hadi upande wa pili na uweke bamba, au tumia kitako kizito kinachokaa juu ya dari tambarare kwa matofali bila kutoboa.

Upepo wa kusi ndio mtihani wa mlingoti. Kazi iliyofanywa kaskazi, ikaonekana imara, husogea Juni. Kaza tena nyaya zote Mei.

Chumvi ya hewani hula kila kitu ndani ya kilomita moja au mbili za pwani. Bolti na klipu ziwe za stenlesi daraja la 316. Zile za kung'aa tu zinaanza kutoa kutu mapema. Paka grisi kwenye nyuzi za bolti kabla ya kukaza, la sivyo siku ya kufungua utazikata.

Radi inataka njia fupi ya kwenda chini. Ncha ya chuma isimame kama mita 1 juu ya antena, na waya mnene wa shaba ushuke bila kona kali hadi kwenye fimbo ya ethi. Mashamba ya Pemba yenye udongo mzito, fimbo ya mita 1.5 hadi 2 inaingia vizuri. Mashariki ya Unguja, kuanzia Paje hadi Makunduchi, ni maweni: jiwe liko vidole vichache chini ya udongo. Hapo usipigane na nyundo. Chimba mfereji wa kina unachoweza, laza waya wa shaba mtupu wa mita 10 hadi 20, ufukie kwa udongo mzuri ulioletwa na uumwagilie kiangazi. Lenga ukinzani wa chini ya ohm 10. Usimwage chumvi ili kushusha namba. Ndani ya misimu michache waya utakuwa umelika.

Kebo

Hapa panahitaji jicho la karibu. Chuna waya mmoja na ukwaruze kwa kisu. Ikiwa ndani ya rangi ya shaba kunatokea weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha dukani. Umeme unapungua njiani, redio inajizima na kuwaka usiku, na vichwa vinakatika kwa chumvi. Unataka shaba tupu, ganda jeusi linalovumilia jua, na ngao ya foili. Urefu wote kutoka adapta hadi redio usizidi mita 100.

Mpangilio wa rangi pande zote mbili, kichwa kikiwa na ulimi chini: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Katika adapta nyingi za volti 24, umeme chanya hupita jozi ya buluu na hasi jozi ya kahawia. Soma volti kwenye kibandiko cha redio kabla ya kuchomeka: adapta ya volti 48 inayotoa umeme bila kuulizana kwanza na redio inaunguza redio ya volti 24 papo hapo.

Kebo ikifika kwenye redio na inapoingia nyumbani, iache ining'inie tumbo chini ya tundu ili maji yadondoke pale na yasifuate kebo ndani. Ziba matundu: sisimizi na mijusi hupenda joto la redio, na mayai ya mjusi kwenye kisanduku cha swichi si jambo la ajabu. Kunguru nao hujengea viota vyao vipande vya waya juu ya milingoti. Viondoe kabla ya masika.

Kutega madishi

1. Maliza mipangilio yote mezani: anwani za kudumu, nywila mpya, programu ya redio ya karibuni, chaneli ya megahezi 20. Punguza nguvu, kwani redio zilizo karibu sana huzibana masikio.

2. Funga madishi na uyaelekeze kwa alama inayoonekana, kama mnara wa msikiti au kilele fulani. Dira ya simu karibu na bomba na mabati husema uongo.

3. Upande mmoja utulie. Wa pili ageuze dishi kidogo kidogo kwa mlalo, akisimama sekunde 5 kila hatua, hadi namba ya nguvu inayopokewa ipande, ifike kilele na ishuke. Apite mbele zaidi. Kila dishi lina vilele vidogo pembeni, vinavyopungua kama desibeli 15 hadi 20 kuliko kile cha kati. Ukitarajia −52 ukapata −70 iliyotulia vizuri, mara nyingi umenasa kilele cha pembeni.

4. Fanya vile vile kwa wima, kisha badilishaneni zamu. Rudieni mara mbili.

5. Kaza bolti kwa kupokezana huku mwenzako akisoma namba kwa sauti, maana kukaza kunasogeza dishi. Redio hizi hurusha mikondo miwili ya mawimbi kwa pamoja: namba za mikondo hiyo zisipishane zaidi ya desibeli 3 au 4.

Sasa chagua upana wa chaneli. Kwa redio za kawaida zenye mikondo miwili, megahezi 20 hutoa kiasi cha megabiti 80 kwa sekunde kwa kweli, na megahezi 40 karibu mara mbili yake, lakini kila ukizidisha upana mara mbili kelele inapanda desibeli 3. Nyumba ya wageni ya vyumba 12, nusu wakitazama video usiku kwa megabiti 5 kila mmoja, inahitaji 30. Usifungue chaneli ya megahezi 80 ya kujivunia. Kwenye sekta kumbuka hili: mteja mmoja mwenye −80 anazungumza polepole na kula muda wa hewani wa wote. Mrekebishe yeye kwanza, au usimuunge.

Umeme

Unguja iliwahi kukaa bila umeme wa gridi takribani mwezi mmoja mwaka 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Kituo kinachohudumia zahanati kisitegemee gridi peke yake. Redio ya wati 8 na ruta ya wati 7 ni wati 15, yaani saa-wati 360 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ukitumia nusu yake, inabeba saa 40. Paneli: saa 3.5 za jua zuri siku za mawingu, na upotevu wa asilimia 30, inadai wati 147, weka 200. Pandisha 12 kwenda 24 kwa kipandisha volti cha moja kwa moja. Inveta hula wati zake yenyewe hata pasipo mzigo.

Ukiambiwa "mtandao mbovu", uliza: lini?

Ukikatika kwa saa zinazosogea mbele kila siku kama dakika 50, tazama jedwali la maji, ni bahari. Ukididimia kila jioni na namba za redio hazikubadilika, chanzo kimejaa: weka mipaka ya kasi kwa kila mtumiaji kwenye ruta. Upepo ukivuma tu, kaza bolti au tazama makuti. Mvua ikinyesha: gigahezi 5 haziogopi mvua, kwa hiyo tafuta maji ndani ya kichwa cha RJ45 au majani yaliyolowa njiani. Siku ya pili baada ya mvua, kebo ikiwa kavu nje na bado mbovu, ikate. Rangi ya kijani kwenye shaba itakuonyesha maji yamefika wapi.

Redio ikinyamaza dakika nzima kisha kurudi kwenye chaneli nyengine, imesikia rada au imedhani imesikia. Baina ya megahezi 5250 na 5350, na 5470 hadi 5725, redio inalazimika kuipisha rada na kusikiliza angalau sekunde 60 kabla ya kurusha tena. Usizime kinga hiyo, rada hizo zinaongoza ndege na kutazama mawingu. Hamia chaneli iliyoruhusiwa nje ya hapo.

Redio ikijizima friji au pampu inapowaka, ni umeme wa upande huo. Namba ikishuka polepole mwezi hadi mwezi, ni mti unaokua au kutu.

Na namba zote zikiwa nzuri, pande mbili zinasikilizana, lakini kurasa hazifunguki, usiguse dishi. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, madishi mengi yaliyolengwa sawasawa yangeweza kuharibiwa na mikono yenye haraka. Piga jaribio kwanza baina ya redio na redio, kisha kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma. Panda juu pale tu jaribio la kwanza linaposhindwa.